Waambie alivaa hariri

Silali vizuri siku hizi, na mwenye lawama ni Bibi. Mdogo wangu kaposwa, mkuu wetu wa skuli kahamishiwa Pemba, sura yangu ya pili imepita kwa msimamizi ikiwa na masahihisho machache tu. Yote hayo ni ya kushangilia au ya kulalamikia, lakini nikishazima taa hayaji hata moja. Linakuja la Bibi.

Mnajua ninachosoma. Shemeji zangu bado wanashikilia kuwa nasomea ushoni, wala siwalaumu. Ukimwambia mtu unafanya shahada ya pili ya nguo, atafikiri nini? Ninachokifuata ni namna utawala ulivyoingia mpaka ndani ya masanduku ya watu hapa Unguja: nani aliruhusiwa kuvaa nini, nani alikatazwa, na siku makatazo yalipolegea watu walijifunga nini wakatoka nje.

Basi Jumapili nikaenda Kikwajuni kama kawaida, nikamkuta barazani na ungo mapajani, anachambua mchele. Shikamoo, marahaba, watoto hawajambo, mama yako mguu vipi. Nilipoona kachangamka, nikauliza.

"Bibi, yule bibi yako wewe, alikuwa akivaa kaniki?"

Mkono ukasimama juu ya ungo.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nauliza tu, kwa masomo."

"Na hicho unachoandika atakisoma nani?"

"Walimu, Bibi."

"Walimu wa wapi?"

"Wa hapa, na mmoja wa Dar. Pengine na Mzungu mmoja."

"Basi waambie alivaa hariri."

Akatoa chuya mbili, akazitupia kuku, na mazungumzo yakaishia hapo. Nikaletewa chai.

Kwa vijana wanaoijua kaniki kama nguo ya waganga na ngoma za pepo tu: ilikuwa ni merikani iliyotiwa nili ikawa nyeusi. Na hiyo merikani yenyewe ni pamba nzito isiyopaushwa, iliyokuja kwa majahazi ya Wamarekani kutoka Massachusetts. Seyyid Said, sultani wa Omani na Unguja, aliwekeana nao mkataba mwaka 1833, na mwaka 1837 wakaleta balozi wao mdogo Unguja. Kaniki ilikuwa ngumu, rahisi, haionyeshi uchafu. Ndiyo waliyofungwa wanawake watumwa, mashambani na majumbani. Mtumwa hakufunika kichwa mbele ya bwana wake wala hakuvaa viatu. Kwa hiyo ukimwona mtu njiani huhitaji kumuuliza ni nani, nguo imekwishajibu.

Kumbe basi swali langu kwa Bibi halikuwa la nguo, na yeye alilisikia vile lilivyo. Nilikuwa nimemuuliza, mbele ya kuku na wapita njia, kama bibi yake alikuwa mtumwa.

Usiku wa kwanza nililipokea jibu lake kama mlango uliofungwa. Lililoniuma zaidi ni lile "Nani kakwambia?", maana ni sauti ileile anayoitumia kwa jirani anayeleta umbea. Mimi, niliyelelewa kwenye mkeka ule! Usiku wa pili nikalisikia kama amri: usiniaibishie ukoo. Usiku wa tatu nikaanza kushuku kuwa alikuwa ananicheka. Bibi ana tabia ya kukutania bila kusogeza hata nyusi, na lile "Mzungu mmoja" lilimfurahisha, niliona. Nimejaribu kulitamka kwa kila lafudhi niwezayo. Waambie *alivaa* hariri. *Waambie* alivaa hariri. Mume wangu kaniomba nihamie chumba cha watoto.

Alhamisi nilikuwa Nyaraka, Kilimani, napitia picha za mwanzo wa karne iliyopita. Picha zenyewe zimefifia, wanawake wamepangwa mstari mbele ya ukuta kwa amri ya mpiga picha, nyuso hazina raha. Lakini nguo! Doti kwa doti, madoa makubwa, pindo nene, mmoja kaifunga kanga ya pili kichwani ikasimama kama jogoo. Nikacheka peke yangu mpaka mzee wa meza ya mbele akanitazama.

Maana hebu fikirieni. Amri ya 1897 ya kufuta utumwa haikumkuta mtu kalala ikamwacha huru. Ilimbidi mtumwa mwenyewe aende mahakamani akaombe, aonyeshe ana pa kukaa na njia ya kujipatia riziki. Masuria hawakuingizwa humo kabisa, wakangoja mpaka 1909. Serikali ilikuwa ya Sultani kwa jina na ya Waingereza kwa vitendo, na pande zote mbili zilitaka karafuu zichumwe kama jana. Ardhi hukupewa. Ulichoweza kubadili siku ileile, kwa senti zako za kibarua, ni nguo. Na wanawake wakaibadili. Kaniki wakaiweka chini, wakanunua kanga. Mtindo ukipitwa hauuziki tena, wenye maduka wakalia. Baadaye wakavaa buibui, mambo ya kujisitiri ambayo zamani yalikuwa ya wenye nyumba za mawe. Vichwa vikafunikwa. Hata kwa Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, aliyetoka Fumba akija mjini na vyungu vya kuuza, mahasidi walipokosa kasoro kwenye sauti walikwenda kuichokonoa kaniki aliyoingia nayo mjini. Naye alikwenda mpaka Bombay kurekodi, mwaka 1928.

Kwa hiyo Bibi aliponiambia niseme hariri alikuwa anafanya kazi ileile. Alimvika bibi yake. Aliuliza kwanza ni nani watakaomtazama, akapima, halafu akachagua nguo ya kumtokea nayo. Nimesoma vitabu vizito viwili muhula huu vinavyoeleza utawala unavyowaumba watu, na kusema kweli vyote vinapenda watu wa aina mbili: mwenye kuonewa na mwenye kupinga. Bibi hana haja na cheo chochote kati ya hivyo. Yeye anataka bibi yake apendeze mbele ya wageni.

Nikarudi Ijumaa baada ya sala, na safari hii sikuuliza kitu. Akaanza mwenyewe, na alianza na mchele. Wakati wa vita vya Hitler chakula kilikuwa cha mgao, na mgao ulifuata taifa la mtu lililoandikwa kwenye karatasi: Mwarabu na Mhindi mchele, Mwafrika aridhike na nafaka nyingine. Baba yake Bibi alikuwa kaandikwa sivyo. Akaenda, akakaa mbele ya karani, akaeleza asili yake upya, Shirazi mwenye asili ya Uajemi, si Mwafrika, mpaka ncha ya ukucha, akarudi na mchele. "Karani alimwamini?" nikauliza. "Karani mwenyewe alikuwa anatafuta wake," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Ninazo takwimu za kuuweka uhodari huo wa baba yake mahali pake. Sensa ya 1924 ina maelfu ya watu waliojiita Waswahili hapa visiwani. Ya 1931 wamebaki wachache mno, na hawakufa wala hawakuhama. "Mswahili" lilikuwa limekwishanuka utumwa, basi watu wakawa Washirazi, Wahadimu, Watumbatu. Darasani tulilijadili jambo hilo kwa saa nzima na grafu ukutani. Bibi alilimaliza kabla kahawa haijapoa.

Sasa msimamizi anataka nimwandike kama "mhojiwa wa nne", bila jina, ndivyo taratibu zinavyotaka. Bibi akisikia kafanywa namba tutagombana kweli. Na la hariri nitaliweka wapi? Likienda kwenye matokeo, mtahini atauliza ushahidi. Likienda kwenye tanbihi, nitakuwa nimempeleka bibi yake uani. Kwa sasa limekaa kwenye ukurasa wake peke yake, halina kichwa cha habari, na nimeamua libaki hapo mpaka msimamizi alione.

Jambo jingine: ule mwembe wa nyuma. Tawi lililolalia bati la jirani limepasuka shinani na masika ndiyo hayo yanakaribia. Fundi anataka pesa ambayo sina mpaka mshahara utoke. Jirani naye tangu wiki iliyopita salamu zake zimekuwa fupi, sijui ni tawi au ni jogoo wetu. Mama hataki likatwe kwa sababu ndilo linalozaa boribo. Nimelifunga kwa kamba ya nailoni, lakini upepo wa jana usiku ulinitoa kitandani mara mbili kwenda kumulika.