Siku 28 za hela isiyoguswa: nilivyopata viza ya kusoma Uingereza

Kila anayesikia nilipata viza ya Uingereza huniuliza swali lilelile: walikuhoji nini? Hakuna aliyenihoji. Sikukaa mbele ya ofisa yeyote nikajieleza. Zilisomwa karatasi zangu tu, na iliyonitoa jasho ni moja: taarifa ya benki ya mama.

Nilikuwa nimepata nafasi ya shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, kuanzia Septemba 2024, kwenye chuo kilicho nje ya London. Ufadhili ulibeba nusu ya ada, nusu nyingine baba alishailipa baada ya kuuza kiwanja chake cha Kihonda, hapa kwetu Morogoro. Chuo kikanitumia namba ya CAS, yaani uthibitisho wa chuo kwamba kimenipokea, ambayo bila hiyo huombi chochote, nikajiona nimemaliza. Kumbe bado hela ya kujikimu. Wakati ule anayesoma nje ya London alitakiwa aonyeshe paundi 1,023 kwa kila mwezi, mwisho miezi tisa. Yaani paundi 9,207. Paundi ilikuwa shilingi 3,300 na ushee na bado inapanda, kwa hiyo hapo tunazungumzia milioni 31 hivi.

Mama ni mwalimu mstaafu. Kwenye kiinua mgongo chake alikuwa amebakiwa na milioni 24. Mjomba wangu wa Mbeya akaahidi nane, ila alitaka kuandika barua tu ya kusema atanisaidia na kuambatanisha taarifa ya akaunti yake. Nikamwambia, mjomba, wale mjomba hawamjui. Kwa mtu kama mimi wanapokea hela iliyo kwenye akaunti yangu, ya wazazi wangu, au ya mlezi wa kisheria.

"Yaani mimi uliyekuwa unakuja kwangu kila likizo si mlezi?"

Alinuna. Lakini tarehe 20 Mei milioni nane ziliingia kwenye akaunti ya mama, zikawa 32.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza. Hela inatakiwa ikae siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Ikishuka leo ukairudisha kesho, unaanza upya. Nilimweleza mama mara mbili, na mara ya pili nilizungushia tarehe kwenye kalenda ya jikoni kwa kalamu nyekundu. Akaitikia vizuri kabisa.

Siku ya 19, Ijumaa, akafiwa jirani.

Mama ni mweka hazina wa kikoba chao. Hela ya kikundi ilikuwa mikononi mwa wakopaji, mwili uko hospitali, na watu wanatakiwa kusafirisha. Akaenda benki akatoa milioni moja na nusu. Jumatatu wanakikundi wakamrudishia yote, akairudisha palepale, wala hakuona sababu ya kuniambia. Niligundua mwenyewe siku ya Alhamisi, nilipokuwa napitia miamala kwenye simu yake: milioni 30 na nusu, siku tatu nzima.

"Lakini si imerudi?" akasema. "Mtu amefiwa, hela ipo benki, nifanyeje mwanangu?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Fomu ile imetengenezwa na watu ambao hela yao ikiwa benki ni yao peke yao. Ya mama haijawahi kuwa hivyo. Nilichofanya ni kuchukua kalamu ileile na kuhesabu upya kuanzia Jumatatu tarehe 10 Juni. Siku ya 28 ikaangukia Saba Saba, Jumapili, benki imefungwa. Kadi ya benki nikaomba nikae nayo mimi. Akanipa, ila kwa siku kadhaa alinisalimia kama mgeni.

Katikati ya kusubiri nikaenda Dar kupima kifua kikuu, maana Mtanzania anayekwenda kukaa Uingereza zaidi ya miezi sita lazima awe na cheti cha kipimo hicho kutoka kliniki wanayoitambua. Kwetu ni ile ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Treni ya SGR ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kubeba abiria mwezi huo kati ya Dar na Morogoro, kwa hiyo niliondoka asubuhi na jioni nikarudi kwetu. Picha ya kifua, mapafu safi, cheti cha miezi sita. Hiyo ndiyo sehemu rahisi kuliko zote.

Jumatatu tarehe 8 Julai tulikuwa mlangoni mwa benki kabla haijafunguliwa. Taarifa ikapigwa muhuri kila ukurasa. Ikabaki barua ya mama, ya kuthibitisha kwamba mimi ni mtoto wake na anaridhia nitumie hela hiyo, iambatane na cheti changu cha kuzaliwa. Alitaka aongeze kwamba nina adabu na nilikuwa kiranja wa darasa. Tulibishana, tukakubaliana aandike mistari mitano. Aliinakili kwa mwandiko ule wa ubaoni, herufi zimenyooka kama zimepimwa kwa rula.

Kesho yake nikatuma maombi mtandaoni. Viza paundi 490. Ada ya huduma ya afya 1,164, na hiyo inawashtua wengi, kwa sababu wanapiga 776 ya mwaka mmoja wanasahau kwamba viza hutolewa na miezi ya ziada baada ya kozi, nayo inalipiwa. Kadi iligoma mara mbili mpaka nilipoomba benki wanipandishie kikomo cha matumizi ya siku. Wiki iliyofuata nikarudi Dar kutoa alama za vidole kwenye kituo cha maombi ya viza, pasipoti ikabaki huko.

Ilirudi Ijumaa tarehe 2 Agosti, ina stika ya siku 90 za kuingilia nchini. Nikampigia mama palepale nje ya kituo, magari yanapiga honi, namrudia maneno mara tatu ndipo anasikia. Alimshukuru Mungu kwa kirefu. Kisha akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo hela sasa naweza kuigusa?"

Nilimwambia kadi iko kwenye droo ya kabati langu, chini ya vyeti.