Kukata kilo: jasho liwe la mwisho

Bondia anayepima uzito Ijumaa ili apigane Jumamosi usiku utamjua Alhamisi jioni. Anatafuna bigijii na kutema mate kwenye chupa, salamu haitikii, na kila nusu saa anarudi kwenye mizani kana kwamba gramu huondoka kwa kutazamwa. Kambini watasema ana hasira za pambano. Pambano halijaingia hapo bado. Ana kiu, ana njaa, jana kalala kwa saa tatu tu, na sehemu kubwa ya mateso hayo ni hesabu iliyochelewa.

Tuchukue uzito mwepesi, ambao mwisho wake ni kilo 61.2. Ukiwa na 64 wiki moja kabla, una kilo 2.8 za kutoa, chini ya asilimia 5 ya mwili. Hizo zinatoka. Ukiwa na 67 umeshachelewa: yale yalikuwa mafuta ya kupunguza nusu kilo kwa wiki tangu miezi miwili nyuma. Afadhali kocha ampigie promota simu Jumatatu ile ile, waombe uzito wa makubaliano, kuliko kumkamua mtu.

Wengi hukimbilia jasho kwanza. Anzia tumboni. Siku tatu au nne kabla ya kupima, weka kando maharage, dona, matembele na matunda. Makapi hukaa utumboni na kubeba maji. Ukihamia mayai, samaki, kuku na wali mweupe kidogo, nusu kilo hushuka bila tone la jasho. Wali uwe kidogo kwa sababu kila gramu ya wanga iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini imeshikana na kama gramu 3 za maji. Hapo kilo moja nyingine huondoka. Usiku wa kuamkia mizani, pumzi na mkojo wa alfajiri huchukua nusu kilo hivi. Jasho limebakiziwa gramu 800.

Kuna wanaoacha kunywa maji tangu Jumatano, nao ndio hukwama, maana mwili ulionyimwa maji huyang'ang'ania. Jumatatu hadi Jumatano kunywa mililita 100 kwa kila kilo yako, yaani lita 6 na kitu kwa siku, kidogo kidogo kutwa nzima. Alhamisi shuka hadi mililita 15 kwa kilo, kama lita moja. Figo zilizozoea kumwaga huendelea kumwaga. Ila usifute chumvi yote katika siku hizo za maji mengi, wala usigugumie lita 2 kwa mkupuo. Chumvi ya damu ikishuka mno mtu hutapika, huchanganyikiwa, na anaweza kufa.

Sasa suti ya nailoni ya kutolea jasho. Joto la Dar lina unyevu, kwa hiyo jasho hutiririka bila kukauka na mwili haupoi. Ruka kamba dakika 10 hadi 15, kaa umejifunika taulo dakika 10, jifute, pima. Usifanye peke yako. Jasho likikatika ghafla, ukitetemeka kwa baridi au ukianza kujibu ovyo, wenzako wakuvue suti, wakumwagie maji ya baridi, wakupeleke hospitali. Mwishoni mwa 1997 wanamieleka 3 wa vyuo vya Marekani walikufa katika muda wa kama mwezi mmoja, wakijikausha kwa suti za mpira na vyumba vya joto.

Vidonge vya kukojoza kama Lasix havina nafasi hapa. Vinaondoa potasiamu inayoendesha mapigo ya moyo, na vimepigwa marufuku na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, ndani na nje ya mashindano.

Jambo dogo linalotesa wengi ni mizani yenyewe. Ya kidijitali ikiwekwa juu ya zulia hudanganya, na ya nyumbani inaweza kutofautiana na ya ukumbini. Omba kupanda ile rasmi mapema. Gramu 100 si mchezo: Paris 2024, Vinesh Phogat wa India alifika fainali ya mieleka ya kilo 50, akaondolewa asubuhi ya fainali kwa gramu hizo, hata baada ya kukata nywele.

Ukishuka kwenye mizani, acha soda, acha pilau. Nusu lita ya ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya mgonjwa wa kuharisha, kwanza, taratibu, kisha kama robo lita kila dakika 15 au 20. Maji matupu mengi utayakojoa tu, kwani chumvi ndiyo inayoyashika. Ukipoteza kilo 2 za maji, rudisha lita 2.5 hadi 3. Baada ya hapo uji, ndizi mbivu, mkate na asali, wali na samaki asiye wa mafuta, sahani ndogo kila saa mbili. Dripu ya zahanati ambayo vijana wanaiona njia ya mkato inavunja sheria za WADA ikizidi mililita 100 ndani ya saa 12, isipokuwa kwa matibabu halali kama ya hospitalini.

Jumamosi asubuhi tazama mkojo. Ukiwa bado wa rangi ya chai na kichwa kinagonga, kocha na daktari wa pambano wajue kabla ya mtu yeyote kukufunga bendeji za mikono.