Tulivyoirudisha wiki ya Mama ya Orlando

Wazazi wangu walinunua taimsheya Orlando, Florida, enzi wakifanya kazi Houston: wiki moja kila mwaka kwenye hoteli ya mapumziko, na hati ya umiliki juu yake. Baba akafariki, Mama akastaafu akarudi Moshi. Wiki ikabaki bila mtumiaji, ila ada ya matengenezo ilikuja kwangu kila Januari, ikipanda mwaka hadi mwaka mpaka ikavuka dola 1,000. Hati yenyewe haina mwisho. Ingeingia hadi kwenye mirathi.

Nilifikiria kuuza. Mtandaoni nikakuta wiki za namna ile zinatangazwa kwa dola 1, na bado hazina wateja. Florida humpa mnunuzi siku 10 za kuvunja mkataba, lakini hizo zilishapita Baba akiwa hai.

Halafu zikaanza simu. Kijana mmoja mwenye maneno matamu akaahidi kampuni yao "itatutoa" kwa dola 4,500, zilipwe kwanza, na tuache kulipa ada. Nilikata simu. Ukiacha kulipa, wenye hoteli wanaweza kuichukua wiki kwa nguvu ya sheria na jina lako likachafuka kwenye rekodi za mikopo, na aliyekushauri keshakula chake. FTC, tume ya serikali ya Marekani inayolinda wateja, huwaonya watu kuhusu wanaotaka hela mbele namna hii.

Nikawapigia wenye hoteli wenyewe. Ukiwauliza jinsi ya kuuza, watakuunganisha na watu wa mauzo na utatoka na wiki mbili. Mimi niliomba idara inayopokea hati zinazorudishwa. Kumbe wanayo, hawaitangazi tu. Masharti yao: mkopo wa kununulia uwe umeisha, ada isiwe na deni, na gharama za makaratasi ulipe wewe.

Kazi ikawa jina la Baba, lilikuwa bado kwenye hati. Ilibidi nakala iliyothibitishwa ya cheti cha kifo isajiliwe pamoja. Kisha sahihi ya Mama: kwa hati kama hiyo Florida inataka mashahidi wawili, na notari, yaani afisa anayeruhusiwa kuthibitisha sahihi, aithibitishe. Tukangoja mpaka alipokuja kuona wajukuu, tukaenda naye benki kwa notari, majirani wawili wakatusindikiza. Mama alisoma kila ukurasa, miwani puani, watu wa foleni wakikohoa nyuma yetu.

"Mwanangu, siku ya kununua walitupa shampeni. Leo hata maji hakuna?"

Barua ya kwamba wamepokea sikuiamini. Niliendelea kulipa mpaka nilipoiona hati mpya kwenye tovuti ya kumbukumbu za kaunti ya Orange, ndiyo yenye Orlando, imesajiliwa, na mwenye mali ni kampuni. Bili ya Januari ilikuja hata hivyo. Nikawatumia namba ya usajili, wakaifuta. Mama akauliza kama watarudisha na zile za nyuma. Hawarudishi.