Simbamarara Naye Huegemea

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimekaa na Ayubu sura ya 38. Mstari wa 26 na 27 Mungu anasema yeye ndiye huinyeshea mvua nyika isiyo na mtu, majani yakachipua. Mbele kidogo, mstari wa 39, anamwuliza Ayubu kama ni yeye anayemtafutia simba mawindo. Jani na mnyama mkali, wote wanalishwa na mkono mmoja.

Nikakumbuka tayabak, mmea utambaao wa misitu ya mvua ya Ufilipino. Hauwezi kusimama wenyewe. Hujizungusha kwenye mti jirani mpaka uufikie mwanga, kisha hushusha vichala virefu vya maua ya rangi ya feruzi, kila ua limepinda kama ukucha. Usiku popo huja, akaning'inia kichwa chini anywe mbochi, na ua humpaka chavua kichwani aipeleke kwenye ua jingine. Wanaoupanda mbali na kwao, ndani ya nyumba za vioo, hulazimika kuuchavusha kwa mkono wakitaka uzae.

Na simbamarara je? Dume huweza kupita kilo 200, hutembea peke yake, na akishakua hakuna mnyama anayemwinda. Lakini mtazame kazini: ananyata tumbo likikaribia ardhi, anasubiri, anaruka, na mara nyingi kulungu anamponyoka. Kulungu anategemea majani, majani yanategemea mvua, ile ile ya mstari wa 26. Misitu ilipofyekwa na majangili walipoingia, nguvu zake hazikumwokoa. Wa Bali, wa Java na wa Kaspi wametoweka kabisa. Makadirio ya mwaka 2022 yaliwaweka waliobaki porini kati ya 3,700 na 5,600 hivi, dunia nzima. Inaniuma, maana ni kazi ya mikono ya Bwana.

Kwa maoni yangu, kati ya hao wawili simbamarara ndiye mhitaji zaidi. Tayabak huegemea hadharani, kila mtu anauona mti ulioubeba. Yeye kuegemea kwake kumefichwa na misuli.

Kanisani tunawaombea upesi walio kama tayabak, na ni vema. Ila yule anayeongoza maombi, anayewabeba wengine mwaka mzima, nani humwuliza amelalaje? Paulo, na ushujaa wake wote, aliwaandikia Wakorintho kwamba alilemewa kupita nguvu zake hata akakata tamaa ya kuishi, akasema wazi kwamba maombi yao yalikuwa msaada kwake (2 Wakorintho 1:8–11).

Kabla ya Jumapili, mtafute ndugu mmoja ambaye hujawahi kumwombea kwa sababu hukuwahi kumwona akiyumba. Mwulize anabeba nini. Na kama ndugu huyo ni wewe, tuletee jambo lako hata moja, tuliombee pamoja.