Saa za Kula katika Mji wa George Town

Tulifika George Town, kisiwani Penang, kaskazini-magharibi mwa Malesia, saa nane mchana wa siku moja ya Aprili, tukiwa na njaa na orodha. Orodha hiyo aliiandika dada yangu kwa mwandiko wake mzuri: upande wa kushoto majengo ya kutazama, upande wa kulia vyakula vya kuonja. Kufikia magharibi tulikuwa tumekwisha kuikunja na kuiweka mkobani, kwa sababu tuliiandika kana kwamba chakula cha George Town hupatikana wakati wowote mtu anapokitaka. Sivyo. Mchuuzi wa mji huu aghalabu hupika chakula kimoja tu, mara nyingi kile alichokipika baba yake au mama yake kabla yake, na hukiuza kwa saa zake. Sufuria ikikauka, hufunika meza na kwenda zake. Mchana ule tulikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha nasi kandar, wali wa michuzi, tulichokuwa tumesifiwa, tukakuta viti vimepandishwa juu ya meza. Mama aliyekuwa akiuza matunda jirani alituona tumesimama, akatutajia neno moja la Kimalei, "Malam", kisha akaeleza kwa ishara ya mkono kwamba ni usiku.

Usiku huo dada aliandika orodha nyingine, safari hii kwa kufuata saa, akapanga kila jengo kando ya chakula kinachouzwa karibu nalo wakati huohuo. Siku nne zilizofuata tuliishi kwa orodha hiyo ya pili.

Siku ya George Town huanza kwa roti canai. Saa moja asubuhi, jua likiwa bado halijawa kali, fundi wa roti huchukua donge la unga wa ngano lililolala usiku kucha katika mafuta, akalitandaza kwa viganja, akalirusha na kulizungusha hewani mpaka likawa jembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Halafu hulikunja na kuliweka juu ya bamba la chuma lenye moto. Likiiva hulipiga kwa viganja viwili kutoka pande zote, ili matabaka yaachane, na huliandaa pamoja na mchuzi wa dengu na mchuzi wa samaki. Roti mbili na glasi ya teh tarik zilitugharimu ringgit chache tu. Teh tarik ni chai ya maziwa mazito ambayo humiminwa kutoka kopo moja hadi jingine kwa mkono ulioinuliwa juu, mara nyingi, hata ipate povu. Ni tamu mno kwa asiyezoea, na mwenye kupenda sukari kidogo hana budi kusema "kurang manis" mapema, kabla kopo halijainuliwa.

Hapo mezani ndipo tulipogundua jambo lililotufurahisha kuliko yote ya safari hii. Mwenye kibanda alitusalimu, "Apa khabar?" Dada akamwitikia "Njema" kabla ya kujua kwamba ameulizwa kwa lugha nyingine. Maana ya salamu ile ni hasa "habari gani", na neno lenyewe ni lilelile, kwa kuwa Kiswahili na Kimalei vyote vilikopa kutoka Kiarabu kupitia wafanyabiashara wa bahari moja. Tangu asubuhi hiyo tulianza kuokota maneno kama watoto wanaookota kome ufukweni: dunia ni dunia, sabuni ni sabun, achari ni acar, nanasi ni nanas, na limau ni limau. Msafiri anayezungumza Kiswahili huingia kwenye soko la Penang akiwa amekwisha kufundishwa nusu ya menyu, wala sikuwahi kusoma popote kwamba ndivyo itakavyokuwa.

Kutoka kwenye roti tulitembea hadi barabara iitwayo Jalan Masjid Kapitan Keling, na ningemshauri kila mgeni aitembee barabara hii kabla ya saa nne. Mwingereza Francis Light alikitwaa kisiwa hiki kwa niaba ya Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India mwaka 1786, akajenga ngome mahali aliposhuka, na bandari yake ikavuta watu kutoka kila upande wa Bahari ya Hindi na Bahari ya China Kusini. Kila kundi lilijenga mahali pake pa kusali, na yote yamepangana katika mwendo wa dakika chache. Mwanzoni kuna Kanisa la Mtakatifu George, jeupe, lenye nguzo nene, lililojengwa mwaka 1818. Mbele kidogo ni hekalu la Kichina la Kuan Yin, mungu wa kike wa huruma, ambako moshi wa udi ni mzito kiasi cha kuwasha macho, na wazee huingia na vijiti vyao vya udi wakiwa njiani kwenda sokoni. Katika mtaa wa nyuma, Lebuh Queen, ni hekalu la Kihindu la Sri Mahamariamman la mwaka 1833, lenye mnara uliosheheni sanamu za rangi. Halafu ndio msikiti wenyewe, ulioanzishwa na Waislamu kutoka India ya kusini mwanzoni mwa karne ya 19, wenye kuba na mnara unaoonekana kutoka mbali.

Niliyatazama majengo haya manne kwa macho ya mtu aliyetoka kula, nikaona kwamba waliojenga ndio waliopika. Roti niliyoila ilikuja na watu wa msikiti. Tambi za mchele zilikuja na watu wa hekalu la Kuan Yin, na wali unaoandaliwa juu ya jani la mgomba katika mitaa ya Kihindi ni wa watu wa mnara wa sanamu. Kibao cha UNESCO, iliyouingiza George Town pamoja na mji wa Melaka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, huzungumzia zaidi kuta. Mimi naamini sufuria zinastahili kibao chao.

Siku ya pili tulikiuka orodha yetu, tukajuta. Mvua ilitukimbiza katika mkahawa mmoja wenye picha kubwa za chakula mlangoni, tukaagiza asam laksa, tukaletewa mchuzi mwepesi, wa vuguvugu, usio na ukali wala harufu, kwa bei mara tatu ya ile ya kibandani. Dada aliacha nusu. Kesho yake tulipanda basi nambari 204 hadi Air Itam, chini ya vilima, tukala laksa karibu na soko la huko saa nane mchana, wakati ambao watu wa pale huila, na nikaelewa tulichokosa jana yake.

Asam ni ukwaju. Mchuzi wa laksa ya Penang hauna tui la nazi, tofauti na laksa za sehemu nyingi nyingine za Malesia. Hutengenezwa kwa samaki aitwaye kembung, ambaye ni kibua hasa, aliyechemshwa na kuchambuliwa miiba, nyama yake ikavurugwa ndani ya supu ya ukwaju, pilipili na mchaichai. Juu ya tambi nene za mchele huwekwa tango na nanasi vilivyokatwa vyembamba, vitunguu, majani ya nanaa, na ua la mmea wa jamii ya tangawizi uitwao bunga kantan, ambalo harufu yake siwezi kuifananisha na kitu kingine. Mwisho mpishi huweka kijiko cha hae ko, rojo jeusi la uduvi uliochachushwa, tamu na lenye chumvi, linalonuka vikali. Wageni wengi husema wasiwekewe. Nawasihi wasikatae. Bila rojo lile ladha ya chachu husimama peke yake, na likikorogwa kila kitu hushikana: chachu, utamu, ukali, na ladha nzito ya samaki. Niliinywa supu hadi chini ya bakuli huku jasho likinitiririka usoni, nikaagiza bakuli la pili.

Kutoka hapo hekalu la Kek Lok Si liko juu tu ya soko, na ngazi zake husaidia tumbo lililoshiba. Pagoda yake ya ghorofa saba, iliyokamilika mwaka 1930, ina kitako cha mtindo wa Kichina, kiwiliwili cha Kithai na kilele cha Kiburma. Niliitazama kwa muda mrefu kuliko ile sanamu ya shaba ya Kuan Yin iliyo juu zaidi, ingawa sanamu hiyo ina urefu wa zaidi ya mita 30 na ndiyo inayopigwa picha na kila mtu. Sanamu inashangaza kwa ukubwa wake. Pagoda inaeleza kisiwa chote kwa mnara mmoja. Jioni tulipanda Mlima Penang kwa treni inayovutwa kwa waya, ambayo reli yake ilifunguliwa mwaka 1923. Kule juu hewa ni baridi, mji na daraja lake refu huonekana vizuri, lakini chakula ni cha kawaida, basi tukashuka na njaa yetu.

Saa za adhuhuri zilizobaki zilikuwa za kivuli na barafu. Mbele ya nyumba za kale, ambazo chini ni duka na juu ni makazi, kuna njia iliyofunikwa iitwayo kaki lima, yaani futi tano, na kwa njia hiyo mtu anaweza kuzunguka mtaa mzima bila kuchomwa na jua. Katika Lebuh Armenian watu walipanga foleni wapigwe picha kwenye ukuta ambao msanii wa Lithuania, Ernest Zacharevic, aliuchora mwaka 2012 watoto wawili juu ya baiskeli ya kweli iliyotundikwa ukutani. Ni kazi nzuri, na nyuso za wale watoto zina uhai. Foleni yangu mimi ilikuwa ya cendol: vijitambi vya kijani vya unga wa mchele vilivyotiwa rangi na harufu ya pandani, ambao ni ndugu wa mkadi, pamoja na maharagwe mekundu, tui la nazi, barafu iliyoparwa na sukari guru ya mnazi. Huliwa kwa kusimama uchochoroni, upesi, kabla barafu haijayeyuka.

Kwa Khoo Kongsi, jumba la ukoo wa Khoo, tengeni saa nzima. Jumba la kwanza liliungua mwanzoni mwa karne ya 20 mara tu baada ya kukamilika, na wenyeji husimulia kwamba miungu ilikasirishwa na fahari yake iliyoshindana na kasri la mfalme wa China. Hili la sasa, lililokamilika mwaka 1906, lilijengwa dogo makusudi, na bado sikuona hapo ubao wala jiwe ambalo fundi hakulichonga. Jua lilipokaribia kuzama tulikwenda gati la ukoo wa Chew, ambako nyumba za mbao zimesimama baharini juu ya nguzo, na watu wanaishi humo. Tulitembea kimya. Mlango wa mtu ukiwa wazi, huo si uwanja wa maonyesho.

Usiku wa mji huu una vyakula viwili vinavyogombea nafasi ya kwanza. Char kway teow ni tambi pana za mchele zinazokaangwa sahani moja baada ya nyingine katika karai juu ya moto mkali, pamoja na kamba, kome, yai na machipukizi ya choroko, na ubora wake wote uko katika harufu ya moshi ambayo karai pekee huitia. Kwa desturi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, kwa hiyo sisi tulitafuta vibanda vya Waislamu, na kuuliza hakumwudhi mtu yeyote.

Cha pili ni nasi kandar, kile tulichokikosa siku ya kwanza. Kandar ni mzegazega. Zamani Waislamu wa Kihindi walitembeza wali na mchuzi bandarini, chungu upande huu na chungu upande ule wa mti ulioegemezwa begani. Siku hizi vyungu vimetulia mezani, zaidi ya kumi, na foleni ya saa nne usiku hufika barabarani. Nilichagua kuku na bamia, mchuuzi akaniuliza, "Banjir?" Ni neno la mafuriko. Niliitikia, naye akateka mchuzi wa kila chungu, kijiko kwa kijiko, akaumwagia wali mpaka ukawa kisiwa.

Asubuhi ya kuondoka hatukuwa na nafasi ya kukaa. Tulinunua nasi lemak, wali wa tui la nazi na sambali ya pilipili na dagaa wa kukaanga, uliofungwa kwa jani la mgomba mfano wa piramidi ndogo, pamoja na pakiti ya tunda la kungumanga lililokaushwa kwa sukari kwa ajili ya njiani. Kivuko cha kwenda Butterworth kilipoacha gati tulifungua majani yetu tukiwa tumesimama kwenye ukingo, George Town ikirudi nyuma taratibu. Wali ulikuwa bado una moto. Ilikuwa saa moja na nusu, wakati wake hasa.