Ile isiyopiga shabaha inakwenda kulala wapi?

Klabu yetu ya kulenga shabaha iliponikabidhi kazi ya kuandaa uwanja mpya, nilianza na vitu vinavyopendeza macho: meza za mstari wa kufyatulia, paa la kivuli, fremu za shabaha. Mkaguzi alipokuja kukiona kiwanja kabla ya kibali, hakuvitazama hata kimoja. Alisimama mstarini, akanyoosha mkono mbele, akauliza, "Bwana, ile isiyopiga shabaha inakwenda kulala wapi?" Nikamwonyesha kilima. Akauliza nyuma ya kilima kuna nini. Nikabaki kimya.

Nilichora upya, safari hii nikianzia pale risasi inaposimama na kurudi nyuma hadi kwa mpigaji. Hata risasi ndogo ya .22 (yaani kipenyo cha inchi 0.22), ambayo wengi wanaiona ya kuchezea, inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu. Nilikuwa nimepanga tuta la udongo lenye kimo cha mita 4, umbali wa mita 50, nikaliona refu mno. Kisha nikapiga hesabu: mtu amesimama, mtutu uko mita 1.5 kutoka ardhini. Mtutu huo ukiinuka nyuzi 3 tu, risasi imeshapita juu ya tuta. Nyuzi 3 ni kiasi cha mtu kushtuliwa na jirani yake. Tukaliongeza tuta, tukajenga kuta za pembeni, na juu tukafunga vizuizi vya kukinga risasi vilivyopangwa kwa hatua, kiasi kwamba ukiwa mstarini ukitazama mbele huoni anga. Vizuizi hivyo vilimeza pesa kuliko kitu kingine chochote, na wanachama walinung'unika sana. Niliwaacha wanung'unike.

Kosa langu jingine lilikuwa udongo wenyewe. Wiki ya pili baada ya kufungua tulisikia mluzi mkali juu ya vichwa vyetu. Tulisimamisha kila kitu. Kwenye uso wa tuta tulikuta jiwe kama ngumi, lina alama ya risasi iliyodunda. Tukaukwangua uso wote, tukaurudishia udongo uliochekechwa. Tangu hapo kila baada ya muda tunauchimbua na kutoa risasi zilizorundikana, maana risasi ikigonga risasi nayo hudunda. Shabaha za chuma tunazining'iniza zikiinamia mbele ili vipande viende chini, na yenye mashimo au iliyopinda inatupwa siku hiyohiyo.

Kuhusu watu, niseme ukweli: wageni hawajanisumbua. Wanaogopa, kwa hiyo wanasikiliza. Wanaonitoa jasho ni wazoefu. Sheria yetu ni kwamba watu wakiwa mbele wanabadilisha karatasi, hakuna anayegusa silaha, hata kuifuta vumbi. Bunduki zinalala mezani, magazini za kubebea risasi zimetolewa, chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kulipuliwa, iko wazi na kibendera ndani yake kuonyesha ni tupu, na kila mtu yuko nyuma ya mstari wa njano. Siku moja mzee aliyenitangulia miaka mingi katika mchezo huu aliinama kurekebisha darubini ya bunduki yake huku vijana wawili wakiwa kwenye shabaha. Nilimfuata polepole. "Shikamoo mzee. Naomba uiache, urudi nyuma ya mstari." Alijibu kwamba haina risasi. Nikamwambia kila bunduki hapa ina risasi mpaka watu wawili wathibitishe vinginevyo. Hakunisemesha wiki nzima, kisha akaniomba awe msimamizi wa mstari siku za Jumamosi. Ni mkali kunishinda.

Neno "SIMAMA" si la msimamizi peke yake. Mtoto, mgeni, mfagizi, yeyote akiona hatari analipaza na wote wanaacha. Na risasi ikigoma kulipuka, mtutu unabaki umeelekea tuta kwa sekunde 30 kabla ya kufungua chemba, kwa sababu baruti inaweza kuchelewa kuwaka.

Kitu nilichokidharau zaidi kimejificha ndani ya lugha yetu wenyewe: risasi ni risasi. Jina la kinachopiga ndilo jina la madini yenye sumu kilichotengenezwa nayo. Kila mlio unatoa moshi na vumbi lake, na linaingia mwilini kwa pumzi na kwa vidole. Tumepiga marufuku kula na kunywa mstarini, tukaweka sabuni na maji ya baridi mlangoni, na maganda ya risasi zilizofyatuliwa tunayaokota baada ya kunyunyizia maji sakafu badala ya kufagia kavu. Kwenye tuta tunaweka chokaa, kwani udongo wenye asidi huyeyusha madini hayo na kuyapeleka kwenye maji. Masikio ni jambo fupi: mlio wa bunduki huvuka desibeli 140, kwa hiyo tunavaa vizibo ndani na vifuniko juu. Asiyevaa havuki mlango.

Kibali kilipofika wakati wa kuhuishwa, mkaguzi yuleyule alirudi. Alisimama mstarini, akapiga goti, akanyanyuka juu ya vidole, akitafuta anga kati ya vizuizi. Kisha akafungua daftari la matukio, akausoma ukurasa wa jiwe mara mbili, akaomba kuoneshwa mahali lilipotoka.