Nikumbuke kwa Bwana Wako

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Wiki hii nimebanwa na swali la mama mmoja wa huku kwetu Kisauni, Mombasa. Mwanawe yuko rumande, gereza la Shimo la Tewa, kesi yaahirishwa kila mara, na pesa za dhamana hazijapatikana. Akaniuliza, "Nikenda kumtazama nimwambie atumaini, au nimwache azoee?" Jawabu sikuwa nayo. Nililala nalo swali hilo.

Ndilo linalowatenga marafiki wawili katika filamu ya The Shawshank Redemption ya mwaka 1994, ambayo wengi wenu mmeitazama. Andy ni mtu wa benki, mpole, amefungwa kwa mauaji asiyoyafanya. Red aliua kweli na anakiri. Ni mwenyeji wa jela, hakuna kitu asichoweza kukipenyeza. Kwake yeye tumaini ni hatari, laweza kumtia mtu wazimu. Andy naye anaandika barua kila wiki, miaka 6, akiomba vitabu vya wafungwa, mpaka vikaja.

Watu husifu Andy alivyotoroka. Mimi macho yangu yako kwa Red na mzee Brooks. Brooks alitoka baada ya miaka 50, akapewa chumba na kazi ya dukani, lakini hakuwa na mtu, akajiua. Red akatoka baada ya miaka 40. Chumba kile kile, kazi ya dukani vile vile, na mawazo yale yale yakamjia. Kilichomvusha ni ahadi aliyompa rafiki yake, kwamba akitoka atakwenda shamba fulani kutafuta alichofichiwa. Kulikuwa na mtu anayemngoja.

Nabii Yusuf (A.S.) alipokuwa gerezani aliwafasiria ndoto wenzake wawili, na Yusuf akamwambia yule wa kuokoka, "Nikumbuke kwa bwana wako," yaani mfalme. Shetani akamsahaulisha yule mwenzake, na Yusuf akakaa gerezani miaka kadhaa. Miaka, ndugu zangu, kwa sababu rafiki alisahau!

Na sisi je? Ramadhani twapeleka tende na sabuni, twapiga picha langoni, ikiingia Shawwal hatuonekani. Kijana akitoka, wanaosali naye safu moja ndio wa kwanza kumwita mfungwa. Kazi hapewi, posa yake haipokelewi. Akirudi kwa wale wenzake wa visu twasema, "Tulijua." Tulijua nini, na hatukumwendea hata siku moja? Sura Al-Insan, aya ya 8, Allah awasifu wanaolisha masikini, yatima na wafungwa. Mfungwa ametajwa ubavuni mwa yatima, na yatima hatumlishi mwezi mmoja tu.

Yule mama nimemwambia: mwambie atumaini, na tutakwenda sote. Bila hilo la pili, la kwanza ni maneno matupu.

Wewe mwenye duka Kongowea, wewe mwenye karakana Changamwe, mtaani kwako kuna kijana yuko ndani. Muulize mamake tarehe ya kesi. Nenda mahakamani Shanzu ukae tu, akuone. Akitoka mpe kazi, hata ya kupanga magunia, na ikifika adhana mwende msikitini pamoja.

Ya Allah, wafungulie ndugu zetu, na usitujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuwasahau. Amin.